Kitenzi Chenye Mkia

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "The alarm went off at five." Katika karatasi za tafsiri nilizosahihisha muhula mmoja, zaidi ya moja ilisema kengele ilizimika saa kumi na moja. Kumbe ililia. Waliokosea hawakuwa wavivu. Walijua kwamba "off" ni kuzima, maana ndivyo swichi ya taa inavyosema, nao wakaifuata swichi.

Lakini taa zikiwa "went off", kweli zimezimika. Bomu likiwa "went off", limelipuka. Maziwa yakiwa "went off", yameharibika. Kitenzi ni kilekile, kijineno kinachokifuata ni kilekile, na matokeo ni manne. Mwanafunzi akifika hapa hukimbilia vitabu vya orodha: "get" na jamaa zake kurasa tatu, "put" na jamaa zake kurasa mbili, kariri. Orodha hizo nadhani zimeanzia mwisho. Kitenzi kama "get" au "go" chenyewe hakisemi mengi. Habari iko mkiani.

Tuishike hiyo "off". Kiini chake ni kubanduka: kitu kilikuwa kimeshikamana na kingine, sasa vimeachana. Taa imeachana na umeme, maziwa yameachana na uzima wake. Kengele ya saa na bomu ni mfano wa mtego: vimetegwa, vimezuiliwa, na wakati ukifika kizuizi kinaachia. Kiswahili kina neno la jambo hilo hasa, kufyatuka. Sasa tazama neno hilo linavyoishia, kisha tazama na haya: bandika, bandua, tega, tegua, vaa, vua. Kazi anayoifanya Mwingereza kwa "off", sisi mara nyingi tunaifanya kwa kauli ya kutendua, ile "-ua" na "-uka" za mwisho wa kitenzi. Yeye kuvaa ni "put on" na kuvua ni "take off", maneno manne. Sisi tumebadilisha irabu tu.

Kwa hiyo mtindo huu si mgeni kwetu kama unavyoonekana. Wao wanatundika nje, sisi tunashona ndani. Mtoto analia, halafu analilia maziwa. Mtu anakimbia, halafu anakimbilia polisi. Hiyo "li" iliyoingia katikati ndiyo "for" na "to" zao. Na kama ni kulalamika, Mwingereza anayejifunza Kiswahili naye ana haki ya kulalamika: anasikia watu wakipiga simu, wakipiga pasi, wakipiga kura, wakipiga chafya, na hakuna aliyeumia.

"Up" nayo ina siri yake. Mimina maji mtungini uone: yanapanda, na yakifika juu kazi imekwisha. Toka hapo "up" ikabeba maana ya kumaliza kabisa. "Eat" ni kula, "eat up" ni kula usibakize. "Use up" ni kutumia mpaka kiishe. "Tear up" ni kuchanachana barua isisomeke tena. Hata muda ukiisha, "time is up". Ukiushika mtungi huo, vitenzi vingi vinajieleza vyenyewe. Si vyote. Fomu unaweza "fill in" au "fill out", na ni fomu ileile, kujaza kulekule. Nyumba inaweza "burn up" au "burn down", na majivu ni yaleyale. Hapo usitafute mantiki, kariri tu uendelee.

Kiingereza cha zamani kilikuwa na tabia ya kubandika vijineno hivi mbele ya kitenzi, kama Kijerumani kinavyofanya mara nyingi hadi leo. Vikahamia nyuma pole pole, na wanaisimu wengi wanaona lugha ya Waskandinavia waliolowea Uingereza ilichangia. Katika kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa na watawa wa Peterborough, Uingereza, kwenye habari za mwaka 1132, mfalme anamlazimisha abate aiachie abasia yao, na kitenzi cha kuachia kimeandikwa "gyuen up". Ndiyo "give up" ya leo, ina umri wa karne nane na zaidi. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake, alikiri kwamba hakuna kinachowatesa wageni kuliko vitenzi hivi. Hata jina lake la kisarufi, "phrasal verb", lilichelewa: Logan Pearsall Smith alilichapisha mwaka 1925 na kusema amepewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Maana ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni mahali pa kuweka kitu kinachotendwa, na kipimo chake ni kijineno "it". Neno usilolijua unalitafuta kwenye kamusi: "look up the word" ni sawa, lakini ukitumia "it" ni lazima useme "look it up". Mtoto unamtunza: "look after the child", na ukitumia "her" ni "look after her", kamwe si "look her after". Sababu ni kwamba "up" hapa ni kielezi, kinaambatana na kitenzi na kinaweza kusogea. "After" ni kihusishi, hakiachani na nomino yake. Sikio nalo husaidia. Katika "look it up" mkazo uko kwenye "up". Katika "look at her", yenye kihusishi, mkazo uko kwenye "look". Nami husisitiza "look forward to", kwa kuwa ndiyo inayofunga barua zetu za maombi ya kazi: "to" yake ni kihusishi, kwa hiyo ni "to hearing", si "to hear".

Sisi wa Afrika Mashariki tuna makosa yetu ya aina mbili, na yanapingana. Mkia unaotakiwa tunaukata: "pick me at the stage", na Nairobi kila mtu anaelewa aje akuchukue. London sentensi hiyo inakaribia kusema "nichague mimi", maana bila "up" kitenzi hicho ni kuchagua, au kuchuma tunda. Usiotakiwa tunauongeza: "cope up with", iliyozaliwa kwa kuchanganya "cope with" na "keep up with". Mitaani sioni ubaya. Kwenye mtihani utapoteza alama.

Shule zetu zimetufundisha zaidi Kiingereza cha barua: "postpone", "tolerate", "vomit". Mtu anafaulu nacho vizuri, kisha anakaa mbele ya daktari kule Uingereza na kuulizwa kama ame-"throw up" au ame-"pass out". La kwanza ni kutapika. La pili ni kuzimia, wakati Mkenya aliyezoea gwaride la "pass-out" anawaza makuruta waliohitimu, anajibu hapana, hajawahi kuwa askari.

Kamusi nzuri za wanafunzi, zikiwemo za Oxford na Cambridge, huweka alama "sth" kushika nafasi ya kitu kinachotendwa. Ukiikuta katikati, kama "put sth off", ujue mkia unasogea. Ukiikuta mwisho tu, kama "look into sth", ujue haubanduki. Andika sentensi nzima daftarini, na "it" ikiwa mahali pake.