Mbwa mzee na mgonjwa: Mkatoliki aamue nini, na lini?

Kuna swali ambalo waamini huliuliza kwa sauti ya chini, baada ya Misa, wengine wakiwa wamekwisha kutawanyika, kana kwamba ni jambo la aibu. Mbwa wa nyumbani amezeeka, hawezi tena kuinuka, anaugulia usiku kucha. Daktari wa mifugo amesema hana dawa ya kumponya, ila anaweza kumchoma sindano akafa bila maumivu. Je, Mkristo anaruhusiwa? Kanisa si ndilo linalofundisha kwamba kifo laini, yaani eutanasia, ni dhambi kubwa?

Anayeuliza hivyo hana sababu ya kuona haya. Amekwisha kuelewa kwamba uhai si kitu cha kuchezea, hata uhai wa mnyama. Swali lake lina sehemu mbili: ruhusa, na wakati. Sehemu ya kwanza ina jibu fupi. Ya pili ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Huruma moja, matendo mawili

Kuhusu binadamu, mafundisho hayana utata. Mtakatifu Yohane Paulo II katika Waraka wake «Evangelium vitae» wa mwaka 1995 alithibitisha kwamba kumwua mgonjwa kwa makusudi, hata kwa nia ya kumwondolea mateso, ni kuvunja vibaya Sheria ya Mungu. Binadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu na ameitwa kuishi naye milele. Katika siku zake za mwisho anaweza bado kusali, kusamehe, kupatanishwa, kupokea Mpako wa Wagonjwa, kuyaunganisha maumivu yake na Msalaba wa Kristo. Hakuna ugonjwa unaoweza kumpunguzia hadhi hiyo.

Mnyama naye ni kiumbe cha Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 2415-2418) inafundisha kwamba wanyama, kwa kuwapo kwao tu, humtukuza Muumba, na kwamba binadamu ana wajibu wa kuwatendea wema. Inawataja kwa mfano Mtakatifu Fransisko wa Assisi na Mtakatifu Filipo Neri, waliowatendea kwa upole. Inaruhusu wanyama watumike kwa chakula, mavazi na kazi. Inachokataza ni kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ya haja. Uzito wote wa swali letu umo katika maneno hayo ya mwisho, kwa maana kumwondolea mnyama mateso yasiyo na tiba ni sababu ya kweli.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mnyama ana roho ya kimnyama inayompa uhai na hisia, lakini roho hiyo haidumu yenyewe nje ya mwili. Mbwa huumia kweli. Lakini hawezi kuyapa maumivu yake maana, wala kuyatolea sadaka, wala kujiambia kwamba kesho yataisha. Kwake maumivu ni maumivu tu. Kwa hiyo mwenye mbwa anayekubali sindano ya daktari ili kukomesha mateso yasiyoponyeka hatendi dhambi, wala hana haja ya kuliungama tendo hilo. Ametimiza wajibu wa msimamizi.

Hapa lazima tuzibe mlango mmoja. Wapo wanaosema: «Kama tunamhurumia mbwa hivyo, kwa nini tusimhurumie babu?» Hoja hiyo inavutia masikio, lakini inamshusha babu hadi ngazi ya mbwa halafu inauita ushushaji huo huruma. Babu anahitaji dawa za maumivu, tiba shufaa, mkono wa kumgeuza kitandani na mtu wa kusali naye.

Kumwachia Mungu

Tuchukue mfano wa mama mjane anayeishi peke yake kandokando ya kigango. Mbwa wake ana miaka 13, na kwa mbwa mkubwa wa mwili huo ni uzee uliopea. Alikuja nyumbani akiwa mtoto, mikononi mwa marehemu mumewe, na tangu siku ya mazishi hulala mlangoni pa mama. Sasa miguu ya nyuma haimshiki, macho yamefunga ukungu, ugali na dagaa anavinusa na kugeuza uso. Watoto wa mama walioko mjini wanasema kwa simu: «Mwondoe, mama.» Jirani amejitolea kumtupia nyama yenye sumu jioni moja, «asijue hata nini kimempata». Mama anajibu wote kwa neno moja: «Nitamwachia Mungu amchukue mwenyewe.»

Jibu hilo lina sauti ya imani, na pengine ni imani kweli. Ikiwa mbwa bado anakula kidogo, anatikisa mkia mama anapotoka jikoni, analala bila kulia, basi kungoja ni haki na upole. Uzee wenyewe si ugonjwa. Lakini ikiwa amelala katika mkojo wake siku tatu, nzi wamemtagia mayai katika vidonda na funza wameanza kumla akiwa hai, hapo hatujamwachia Mungu. Tumemwachia funza. Mungu mwenyewe alikwisha kumkabidhi mnyama huyu mikononi mwa binadamu, na kitabu cha Methali (12:10) kinamtambulisha mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Hata hivyo, kabla ya kufikiri juu ya kifo, mama amwite daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Magonjwa mengi yanayofanana na mwisho si mwisho. Mbwa aliyekonda na kulegea ghafla huenda ana homa iletwayo na kupe, ambayo mara nyingi hutibika kwa vidonge. Ule uvimbe mbaya unaotoka damu sehemu za siri, ambao huambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana, unatisha kuutazama, lakini mara nyingi hupona kabisa kwa sindano chache zinazotolewa wiki kwa wiki. Upofu wa uzeeni kwa kawaida hauumi. Mbwa kipofu huijua nyumba yake kwa pua. Maumivu ya viungo yanaweza kupunguzwa kwa dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Narudia: kwa ajili ya mbwa. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani, ambazo watu wema huwapa mbwa wao kwa huruma, zinaweza kumtoboa tumbo na kumwua figo.

Daktari akishasema hakuna tiba, inabaki kazi ya kupima. Mwaka 2004 Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani, alitoa kipimo cha mambo 7: maumivu, pamoja na urahisi wa kupumua, kula, kunywa, usafi wa mwili, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi siku mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 huonyesha kwamba maisha ya mnyama bado yanavumilika. Si lazima mama yetu ajumlishe hesabu. Kalenda ya jimbo inaning'inia ukutani. Kila jioni aweke duara kwa siku ambayo mbwa alikula, akainuka, akamtambua, na msalaba mdogo kwa siku aliyoimaliza kwa kulia. Baada ya wiki mbili au tatu macho yataona kile ambacho moyo unakataa kuona. Anayekaa na mgonjwa kila siku huuzoea udhaifu wake, na mbwa kwa asili huficha maumivu mpaka yamzidi.

Kwa maoni yangu, wanaompenda mbwa wao hukosea zaidi kwa kuchelewa, na wasiompenda hukosea kwa kuwahi. Mbwa ambaye hawezi tena kubweka wala kukimbiza mwizi hajapoteza haki yake ya chakula na kivuli. Kumwua kwa sababu tu kazi imemshinda, au kumpakia kwenye gari na kumtelekeza sokoni usiku, ni ule utovu wa wema ambao Katekisimu inaukemea. Amelinda usiku elfu kadhaa bila mshahara.

Kuhusu fedha, Katekisimu (2418) inasema pia kwamba haistahili kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepunguza taabu za watu, wala kuwapa mapendo ambayo ni haki ya watu peke yao. Mama hana wajibu wa kuuza mbuzi wala kugusa ada ya mjukuu ili mbwa wa miaka 13 apasuliwe. Akisema «sina uwezo wa matibabu hayo» na kuchagua mwisho usio na maumivu, hajamsaliti mbwa wake.

Kuna hali moja isiyongoja kalenda. Mbwa mzee akibadilika ghafla, akawa mkali au akajificha gizani, taya likalegea, mate yakatiririka, sauti ikabadilika, huo si uzee. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Msimshike, mtoeni taarifa kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia apate chanjo. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa salama, asiuawe na kutupwa kwa hasira. Wataalamu humchunguza kwa siku 10.

Namna ya kuaga

Tumrudie jirani na nyama yake. Sumu haiui «bila mbwa kujua». Huua kwa mitetemeko na kukosa pumzi, pengine kwa saa nyingi, na huua pia paka na kuku wa jirani, na inaweza kumfikia mtoto aliyeokota kipande. Kamba, mawe na marungu si bora zaidi. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Lakini Mkristo hangojei polisi wamfundishe hili.

Daktari wa mifugo husema «kumpumzisha» au «kumlaza». Ni maneno ya upole, nasi tujue kwamba maana yake ni kumwua. Huingiza mshipani dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mara nyingi baada ya kumtuliza kwanza kwa sindano nyingine. Mbwa hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, pumzi hukoma, kisha moyo. Macho hubaki wazi, na mwili unaweza kutweta mara moja au mbili. Si kwamba amezinduka. Inafaa yule anayemjua awepo, amshike kichwa, amwite kwa jina. Katika kitabu cha Tobiti, Tobia na malaika Rafaeli wanaposafiri, mwandishi anaona vema kutaja kwamba mbwa naye aliwafuata. Hatuambiwi sababu, ila kwamba alikuwa pamoja nao njiani.

Mzoga uzikwe kwa kina. Dawa hubaki mwilini, na mbwa au ndege atakayeufukua na kuula anaweza kufa.

Je, tusali? Kitabu cha Baraka kina baraka kwa ajili ya wanyama wakiwa hai. Mazishi ya Kikristo ni ya watu, wala hatutolei Misa ya kumwombea mbwa. Lakini familia kusimama pembeni ya shimo na kumshukuru Mungu kwa miaka 13 ya ulinzi ni sala nzuri, na watoto waitwe washiriki. Watoto waambiwe ukweli. Anayeambiwa «Simba amelala tu» anaweza kuogopa kulala yeye mwenyewe; anayeambiwa «amesafiri» atakaa getini akimngoja.

Wataulizia mbinguni. Mwezi Desemba 2014 vyombo vya habari duniani vilieneza kwamba Papa Fransisko alimfariji mtoto kwa kumwambia kuwa mbwa huingia paradiso; baadaye ilibainika kwamba hakuyasema hayo. Alichoandika ni cha mwaka 2015, katika «Laudato si'» namba 243: tumaini kwamba viumbe vyote vitakuwa na mahali pao katika uzima ujao, vikiwa vimegeuzwa. Kanisa halijafundisha zaidi ya hapo kuhusu mbwa mmojammoja. Mtoto aambiwe kwamba Simba alikuwa wa Mungu kabla ya kuwa wetu, na kwamba Mungu hasahau alichokiumba.

Na mama mjane? Atalia, na katika Jumuiya Ndogo Ndogo atakuwapo wa kucheka kwamba mtu mzima anamlilia mbwa. Katekisimu inakubali kwamba wanyama wanaweza kupendwa. Zaidi ya hayo, machozi yake yanasema jambo ambalo jumuiya ilipaswa kuliona mapema: kwa miaka kadhaa kiumbe pekee kilicholala chini ya paa lake kilikuwa mbwa. Mlango ule sasa hauna mlinzi. Wanajumuiya wanaokaa karibu waende wakague komeo na taa ya nje, na wapange nani atalala kwake usiku wa kwanza.