Viulizi katika Kiswahili cha Butembo na Beni

Vitabu vya sarufi hupita haraka kwenye viulizi: nani, nini, wapi, lini, gani, -pi, -ngapi, vipi, kwa nini, -je. Orodha hiyo ni ya Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Katika miji ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, ambako lugha ya kwanza ya wakazi wengi ni Kinande, orodha hiyo haitumiki yote, na baadhi ya maneno yake yamepewa kazi nyingine.

Kiulizi cha sababu ndicho kinachomshangaza zaidi mgeni atokaye pwani. Mahali pa "kwa nini", wasemaji wa Kongo ya mashariki husema "juu ya nini": "Juu ya nini ulichelewa?" Msikilizaji wa Unguja huenda akadhani anaulizwa mahali, kama juu ya meza, au habari inayozungumzwa. Hata hivyo matumizi hayo yana mantiki yake. Neno "juu" limepanuka kutoka mahali hadi sababu, na jibu huanza kwa neno lilelile: "Juu nilikuwa mgonjwa." Swali na jibu hushikana, kama ilivyo katika Kihispania, ambamo "por qué" huuliza na "porque" hujibu. Kuliita jambo hili kosa, kama wafanyavyo baadhi ya walimu, ni kusahau kwamba "kwa nini" nayo imeundwa kwa njia hiyohiyo: kihusishi kikifuatwa na "nini".

Kiulizi "lini" hakisikiki sana. Husemwa zaidi "siku gani" au "wakati gani". Vilevile "gani" hubeba mzigo wa "-pi". Katika Kiswahili Sanifu "mtoto gani" huuliza aina au sifa, na "mtoto yupi" huuliza mmoja kati ya wanaojulikana. Huko "mtoto gani" hutosha kwa yote mawili, na muktadha ndio uamuao.

Jambo lililo la kina zaidi ni nafasi ya kiulizi katika sentensi. Kiswahili hukiacha kiulizi mahali pa yambwa: "Kambale aliona nini?" Kinande chaweza kukitanguliza: "Ekihi kyo Kambale alangira?" Hapo "ekihi" ni "nini", na "kyo" hufuata ngeli ya kinachoulizwa. Msomaji wa Kiswahili atautambua upesi muundo huo, kwa maana "kyo" ni ki- na -o, sawa na -cho- katika "Ni nini alichokiona Kambale?" Haishangazi basi msemaji wa Kinande akitanguliza kiulizi hata azungumzapo Kiswahili, akasema "Ni nini Kambale aliona?" bila kirejeshi ndani ya kitenzi. Mpangilio ni wa kwao, maneno ni ya Kiswahili.

Tofauti hizi zilipata uzito usio wa darasani tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini. Hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikufa. Beni, Butembo na Katwa zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mno. Kazi ya kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa ilikuwa, kwa hakika, kazi ya viulizi: nani, wapi, siku gani, mara ngapi. Kila aliyekutana na mgonjwa alifuatiliwa kwa siku 21, na hesabu hiyo hutegemea jibu la swali moja la wakati. Mwenye kuuliza "Mlionana lini?" kwa mtu aliyezoea "siku gani" hujihatarishia jibu la kubahatisha. Kadhalika "Alikula na nani?" huweza kuleta jina moja tu, ilhali "Alikula na nani na nani?" huonyesha wazi kwamba wote wanatakiwa watajwe.

Mnamo 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya taarifa za Ebola katika eneo hilo, likaonyesha kuwa Kifaransa na Kiswahili Sanifu havikuwafikia watu wote sawasawa. Swali la sababu ndilo lililohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Palipo na hofu na shuku, "Juu ya nini hamkumpeleka hospitali?" husikika kama shtaka, hata likitamkwa kwa lafudhi ya nyumbani; "Ilikuwa namna gani?" humwachia mfiwa nafasi ya kusimulia.