Je, Wajua? Kamera Mbili na Mota Moja

Je, wajua kwamba Nikon D40, iliyotoka mwaka 2006, haina mota ya kulenga ndani ya mwili wake? Ukiifunga lenzi ya zamani isiyo na mota, utalenga mwenyewe, ukizungusha pete taratibu mpaka kope za unayempiga picha zionekane mojamoja. Canon EOS 400D ya mwaka huohuo haina taabu hiyo: tangu 1987 lenzi za Canon za aina ya EF hubeba mota zao zenyewe. Canon ina megapikseli 10, Nikon 6. Kwa picha ya kutundika sebuleni, 6 zinatosha kabisa. Ukinunua D40 ya mtumba, hakikisha kwanza lenzi yake imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake yenyewe.