Mkazi wa Ngoingwa, usiache mbachao

Msomaji, wewe uishiye Ngoingwa, kila likizo ikifika watoto hulilia Mombasa. Je, umewahi kuwapeleka Bustani ya Mugumo, hapo mjini Thika?

Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alinena kuwa mugumo wa hapo ungeanguka ukoloni utakapokoma. Wakoloni wakaingiwa na hofu, wakalizungushia shina pete ya chuma. Wapi! Mwaka wa 1963, Kenya ikijinyakulia uhuru, mti ulipigwa na radi ukaanguka.

Ukitoka hapo, ingia hoteli ya Blue Posts, iliyojengwa mwaka wa 1908, uyatazame maporomoko ya mito Chania na Thika. Kisha pandeni matatu hadi Fourteen Falls, kwenye Mto Athi. Hapo utafurahi, halafu usikitike: uchafu kutoka Nairobi umeyatia maji povu na uvundo.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto asiyeujua mto wa kwao ataupigania vipi? Jumapili ijayo wachukue wanao, na babu yao pia, awasimulie. Vaeni viatu visivyoteleza.