Kubadili redieta za zamani: kipimo cha bomba na joto la maji viangaliwe kabla ya kununua

Majira ya baridi yanapokaribia nchini Uingereza, familia nyingi, zikiwemo za Watanzania na wazungumzaji wengine wa Kiswahili wanaoishi huko, huanza kuzikagua redieta zilizofungwa katika kuta za nyumba zao. Nyingine zimeliwa na kutu, nyingine hupata joto juu na kubaki baridi chini, na nyingine ni ndogo mno kwa chumba kilichopo. Uamuzi wa kuzibadili huonekana mwepesi, lakini mara nyingi gharama kubwa haitokani na redieta yenyewe, bali na mabomba yanayopaswa kuhamishwa ili yaifikie.

Redieta ya nyumbani inafanana na ile ya gari kwa umbo, ingawa matumizi yake ni tofauti. Ile ya gari huliondoa joto la injini na kulitupa nje. Ya nyumbani hupokea maji ya moto kutoka kwenye boila, ambayo kwa nyumba nyingi za Uingereza huendeshwa kwa gesi, na kulisambaza joto hilo chumbani. Pampu huyasukuma maji hayo kupitia bomba moja, kisha hurudi kwenye boila kupitia bomba jingine yakiwa yamepoa. Kila redieta huwa na koki mbili: moja ya kufungua na kufunga kwa mkono, na nyingine iliyofunikwa kofia, ambayo fundi huitumia kupima kiasi cha maji kinachopita.

Suala hili linagusa afya moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linapendekeza kuwa katika nchi zenye majira ya baridi joto la ndani ya nyumba lisipungue nyuzijoto 18. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa huathirika zaidi joto linapokuwa chini ya hapo.

Ukubwa wa redieta na joto la maji

Nguvu ya redieta hupimwa kwa wati, na kiwango kinachoandikwa katika maelezo ya bidhaa huchukuliwa pale ambapo wastani wa joto la maji unazidi joto la chumba kwa nyuzi 50, kwa mfano maji yakiwa na nyuzijoto 70 na chumba kikiwa na nyuzijoto 20. Tofauti hiyo ikishuka hadi nyuzi 30, redieta iliyoandikwa wati 1,000 hutoa takriban nusu tu ya kiwango hicho.

Jambo hilo lina uzito mkubwa hivi sasa kwa sababu maji ya mifumo mipya hayachemshwi sana kama zamani. Kuanzia Juni 2022, kanuni za ujenzi za England zinaelekeza kuwa mfumo mpya wa maji ya moto, au uliobadilishwa wote pamoja na mabomba yake, upangwe kwa namna ambayo utafanya kazi vizuri maji yanapotoka yakiwa na nyuzijoto 55 au chini yake. Sababu ni mbili. Kwanza, boila za kisasa, ambazo huchukua pia joto lililomo katika mvuke wa moshi wake, hutumia gesi kidogo maji yanaporudi yakiwa yamepoa. Pili, mashine zinazovuta joto kutoka hewani, ambazo Serikali ya nchi hiyo inahimiza zichukue nafasi ya boila za gesi, hutumia umeme kidogo zaidi pale maji yasipohitaji kuwa ya moto sana.

Kwa hiyo, mkazi anayebadili redieta moja leo kwa nyingine yenye nguvu ileile anaweza kulazimika kuibadili tena atakapoachana na boila ya gesi. Hata hivyo, kabla ya kutafuta redieta kubwa ni busara kuangalia joto linapopotelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta: madirisha yanayopitisha upepo na dari isiyo na kizuizi cha joto huongeza wati zinazohitajika, na kuyarekebisha mara nyingi ni nafuu kuliko redieta ya ziada.

Inchi na milimita

Nyumba nyingi zilifungwa redieta kabla ya viwanda vya Uingereza kuhama kutoka vipimo vya inchi kwenda milimita katika miaka ya 1970. Redieta ya zamani ya inchi 36 ina urefu wa milimita 914, ilhali ya kisasa iliyo karibu nayo ina milimita 900. Pengo la milimita 14 ni dogo kwa macho, lakini linatosha kuzuia koki zisifunge. Kwa pengo la aina hiyo hakuna haja ya kuvunja sakafu, kwani madukani huuzwa vipande vifupi vya kurefushia, vinavyofungwa kati ya redieta na koki.

Hali hubadilika redieta mpya inapokuwa ndefu kuliko ya zamani. Hapo mabomba hayana budi kusogezwa. Maji ya mfumo mzima hutolewa, mbao za sakafu hufunuliwa, na bomba hukatwa na kuungwa upya kwa viungo vya kona. Pale ambapo mabomba yamezikwa katika zege, kazi hiyo huwa ngumu na ya gharama zaidi.

Njia inayoepusha usumbufu huo ni kuongeza unene badala ya urefu. Redieta yenye bamba mbili na safu mbili za mapezi hutoa takriban mara 1.7 ya joto linalotolewa na ile ya bamba moja na safu moja, kwa urefu na kimo kilekile. Hivyo joto linaweza kuongezeka kwa kiasi kikubwa huku mabomba yakibaki karibu na yalipokuwa. Kinachopaswa kupimwa ni umbali kati ya bomba na bomba, na pia umbali kutoka ukutani hadi katikati ya bomba, kwa kuwa redieta nene husogea mbele. Ukuta mwepesi wa mbao na jasi nao uangaliwe kama utahimili uzito wa redieta ikiwa imejaa maji.

Kipenyo cha bomba nacho ni muhimu. Bomba la shaba la zamani la nusu inchi kwa kawaida hukubali viungo vya milimita 15, lakini la robo tatu ya inchi halikai sawasawa katika kiungo cha milimita 22 bila pete au kiungo maalumu. Zipo pia nyumba zenye mabomba membamba ya milimita 8 au 10. Tofauti ya joto kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi ikipungua kwa nusu, kiasi cha maji kinachopita lazima kiongezeke mara mbili ili joto libaki lilelile. Mabomba membamba hushindwa kazi hiyo mapema, na redieta kubwa iliyofungwa juu yake haitatoa nguvu yake yote.

Hatua za kazi

Pale mabomba yasipohamishwa, boila huzimwa na maji huachwa yapoe. Koki zote mbili hufungwa, na fundi makini huhesabu mizunguko ya koki yenye kofia ili airudishe ilipokuwa. Ndoo na vitambaa huwekwa chini kabla ya kulegeza nati, kwa kuwa maji ya redieta ya zamani hubeba tope jeusi la kutu linaloharibu zulia. Baada ya redieta mpya kunyooshwa kwa pimamaji na kufungwa, hewa hutolewa kupitia tundu la juu, na shinikizo la mfumo uliofungwa hurudishwa kati ya bar 1 na 1.5 maji yakiwa baridi.

Hatua mbili husahaulika mara kwa mara. Ya kwanza ni kuongeza dawa ya kuzuia kutu, hasa baada ya maji kumwagwa, kwani bila dawa hiyo tope huanza kujengeka upya. Ya pili ni kusawazisha mtiririko kwa koki zenye kofia, ili redieta iliyo karibu na pampu isimalize maji ya moto na kuziacha za mbali zikiwa baridi.

Mpangaji na sheria

Kwa mpangaji, hatua ya kwanza ni taarifa ya maandishi kwa mwenye nyumba. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, inayotumika England na Wales, kinampa mwenye nyumba, katika mikataba mingi ya upangaji, wajibu wa kuvitunza na kuvikarabati vifaa vya kupasha joto vyumba na maji. Mpangaji anayeibadili redieta bila idhini anaweza kubebeshwa gharama ya uharibifu utakaotokea.

Aidha, kufunga redieta ni kazi ya maji, lakini kuifungua boila ya gesi ni jambo jingine. Kisheria, fundi wa gesi nchini Uingereza lazima awe amesajiliwa katika orodha ya Gas Safe, na mkazi ana haki ya kuomba kuona kitambulisho chake kabla ya kazi kuanza. Boila isiyofungwa vizuri inaweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Wakati mzuri wa kazi hii ni majira ya joto, ambapo nyumba inaweza kukaa siku kadhaa bila maji ya moto ya redieta, na kosa la kipimo likagundulika mapema kabla ya baridi kuanza.