Sakafu ya Tela Ikioza

Zamani mizigo ya Tabora ilisafiri mabegani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Mwaka 1877 wamisionari Waingereza walijaribu kuja huku na magari ya ng'ombe kutoka Saadani. Ng'ombe wakafa njiani, mizigo ikarudi mabegani. Leo tunayo matela ya trekta, lakini mengine sakafu zake ni mbovu.

Ubao ukioza, mguu wa mpakizi huzama ukavunjika. Robota la tumbaku nalo hulowa kwa chini, likaota ukungu. Hapo bei ya mkulima imekwenda.

Wengi hupigilia bati juu ya tundu. Haifai! Bati huficha uozo, na maji hukaa chini yake. Chukua bisibisi, choma ubao. Ikizama kwa urahisi, pameoza. Usikate pale penye tundu tu. Kata mpaka juu ya chuma kinachobeba mbao, mahali ambapo ubao ni mzima. Ubao mpya ushikwe na chuma kila upande, la sivyo utapinda.

Mninga wetu unafaa sana, lakini kiini chake chekundu tu. Ule weupe wa nje huliwa na wadudu. Nunua mbao kwa stakabadhi, maana kukata mninga msituni bila kibali ni kosa. Funga kwa bolti na nati. Misumari hulegea kwa mtikisiko wa barabara zetu, nani asiyezijua? Upande wa chini paka oili chafu. Juu usipake hata tone, kwa sababu tumbaku hunasa harufu upesi.

Baada ya safari ya kwanza, kaza nati zote tena.