Gitaa Halina Umri: Watu Wazima Wasione Haya Kujifunza

Upo usemi unaopendwa mno na watu wetu, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Usemi huo una hekima yake, wala hatukusudii kuupinga kwa jumla. Lakini ni dhahiri kwamba umetumiwa kupita kiasi, hata umegeuka kuwa kisingizio cha kila mtu mzima asiyetaka kujaribu jambo jipya. Leo tunapenda kulizungumzia jambo moja ambalo usemi huo umelizuia kwa muda mrefu katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, nalo ni la watu wazima wanaotamani kujifunza kupiga gitaa.

Watu hao si wachache. Wapo Mwananyamala na Magomeni, wapo Tandika, Keko na Mbagala. Ni makarani, walimu, madereva, mafundi, mama wauza vitambaa na wastaafu. Walikua wakisikia muziki wa dansi redioni na katika kumbi, na siku moja, watoto walipokwisha kukua au mshahara ulipopata nafasi kidogo, wakanunua gitaa. Mwezi wa kwanza hupita kwa bidii na mwezi wa pili kwa manung'uniko. Mwezi wa tatu gitaa linatundikwa ukutani, na anayelifikia ni buibui.

Pengine msomaji atauliza jambo hili lina uzito gani hata liandikwe gazetini, wakati yapo matatizo ya maji, barabara na shule. Jibu letu ni kwamba gitaa ndilo uti wa mgongo wa muziki wa dansi, na muziki wa dansi ni sehemu ya historia ya Taifa hili. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park Orchestra mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Wapigaji wengi wa enzi hizo wamekwisha kututoka. Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho makubwa ya Osaka huko Japani, alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Remmy Ongala, ambaye jina lake limebaki katika kituo cha mabasi cha Sinza kwa Remmy, alifariki mwaka 2010.

Nani basi atakayeurithi ufundi huo? Vijana wana muziki wao, na hatuwalaumu. Wenye sikio la dansi, wanaojua gitaa la solo linaingia wapi na la ridhim linatulia wapi, ni hao hao watu wa makamo wanaoambiwa kwamba wamechelewa. Ikiwa nao watakata tamaa, muziki huo utabaki katika kanda na sahani za santuri tu, bila mikono inayoweza kuupiga.

TAIFA LILIKWISHA KUJIBU

Swali la kama mtu mzima anaweza kujifunza halikuanza leo. Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walikuwapo waliocheka. Walisema mikono iliyozoea jembe na kasia haiwezi kushika kalamu. Lakini wazee waliingia madarasani jioni, wakakaa katika madawati ya watoto wao, wakajifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ipo hadi leo. Mkono uliojifunza kuchora herufi ukubwani hauwezi kushindwa na nyuzi sita.

Kwa kweli mtu mzima ana silaha ambazo mtoto hana. Anaelewa maelezo haraka, anajua kujipangia kazi, na hahitaji kulazimishwa. Mtoto anamzidi kwa mambo mawili: ana wakati mwingi, na haoni aibu akikosea. Basi mtu mzima akitafuta dawa ya mambo hayo mawili, safari yake itakuwa nyepesi.

MAUMIVU YA VIDOLE

Kikwazo cha kwanza ni maumivu. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto huuma, hasa kwa nyuzi za chuma, na wengi hudhani kwamba mikono yao haikuumbwa kwa kazi hiyo. Sivyo. Kila aliyepata kupiga gitaa alipita hapo. Baada ya majuma machache ya kupiga kila siku kwa kiasi, ngozi huota sugu na maumivu hutoweka. Kwa hiyo mwanafunzi apige kidogo kidogo, apumzike vidole vikianza kuwaka, na kesho yake arudi. Anayepiga saa tatu Jumapili kisha akakaa juma zima hataota sugu, bali atapata malengelenge.

Tena wengi hukandamiza nyuzi kwa nguvu zisizohitajika. Kidole kinapaswa kukaa karibu kabisa na kile chuma chembamba kilichokingama kwenye shingo ya gitaa, nyuma yake kidogo, wala si katikati ya nafasi. Hapo nguvu ndogo tu hutosha, na sauti hutoka safi.

Mara nyingi, hata hivyo, mkosaji si kidole bali chombo. Wazee wetu waliliita gitaa lisilotumia umeme galatoni, jina lililotokana na magitaa ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Hayo yalikuwa magitaa ya bei nafuu, na hata John Lennon wa Uingereza alianzia gitaa la aina hiyo kabla ya kupata umaarufu na The Beatles. Magitaa ya bei nafuu yanayouzwa siku hizi mara nyingi huwa na nyuzi zilizoinuka mno. Mwanafunzi apime kwa rula nafasi iliyopo kati ya nyuzi na chuma cha 12. Ikizidi milimita 4, anapigana vita asivyoweza kushinda. Dawa yake ni kukipunguza kidogo kwa msasa, upande wa chini, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi juu ya bao la gitaa. Mafundi seremala wa Keko wanaotengeneza vitanda na makabati hawatashindwa na kazi hiyo ndogo, mradi waelezwe vizuri na wapunguze kwa uangalifu, kwa kuwa kilichokwisha kusuguliwa hakirudi.

Kwa sisi tunaokaa pwani, na zaidi kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, lipo pia suala la hewa. Upepo wa bahari wenye chumvi hula nyuzi za chuma upesi, na joto la chini ya bati hulegeza gundi. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na gitaa lisiachwe juani wala juu ya kabati karibu na paa.

KODI ZISIZO ZA SERIKALI

Kikwazo cha pili ni kile wanamuziki wanachokiita kodi, na hapa maafisa wa mapato wasishtuke. Kodi za gitaa ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Tatizo la mwanafunzi kwa kawaida si kuishika kodi moja, bali ni kutoka katika moja kwenda katika nyingine bila wimbo kusimama. Mkono unaganda, macho yanatafuta nyuzi, na mapigo yanapotea.

Njia ya kulitatua ni ya kichovu, lakini haijapata kushindwa. Mwanafunzi achukue kodi mbili tu, kwa mfano ya G na ya C, ahesabu anaweza kubadilisha mara ngapi katika dakika moja, kisha aandike idadi hiyo katika daftari. Afanye hivyo kila siku. Baada ya juma mbili daftari litamwonyesha maendeleo ambayo sikio lake lilikuwa halijayaona. Ile kodi ya F, ambayo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita, isimkatishe tamaa. Hiyo ni ya baadaye.

Hapa muziki wetu wenyewe ni mwalimu mwema. Nyimbo nyingi za dansi husimama juu ya kodi tatu. Katika bendi, gitaa la ridhim, la solo na la besi kila moja hurudia kipande chake, na utamu hupatikana pale vipande hivyo vinapofumana kama ukili katika mkeka. Anayeanza hana haja ya kukimbilia solo ya Mbaraka. Achukue nafasi ya ridhim, ajifunze kushika mapigo kwa mguu chini huku mkono ukiendelea, nayo ni kazi ya heshima. Bendi inaweza kuvumilia solo dhaifu, lakini ridhim ikiyumba wachezaji wote hurudi vitini.

Anayependa kupiga peke yake naye ana mfano. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia dole gumba na kidole cha shahada, gumba likishika nyuzi nene na shahada ikitoa wimbo juu yake, hata msikilizaji akadhani wapo watu wawili. Mwanafunzi aanze na gumba peke yake mpaka litembee bila kuangaliwa, ndipo aongeze kidole cha pili.

WAKATI NA HAYA

Kikwazo cha tatu ni wakati. Mtu anayeondoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku baada ya kukaa katika foleni ya Barabara ya Kilwa hawezi kuambiwa apige gitaa saa mbili kila siku. Lakini dakika 15 au 20 anaweza kuzipata. Inajulikana kwamba mwili hujifunza mambo ya mikono hata baada ya zoezi kwisha, na hasa wakati wa usingizi. Ndiyo maana lile lililoshindikana jana usiku hufanyika leo bila taabu. Dakika 20 kwa siku 6 zina faida kuliko saa mbili za siku moja. Bandu bandu huisha gogo.

Kikwazo cha nne ni haya, na kwa maoni yetu hicho ndicho kikubwa kuliko vyote. Katika nyumba zetu za vyumba sita, kila chumba na familia yake, ukuta hauna siri. Mtu mwenye wajukuu akianza kupigapiga nyuzi zisizolingana, watoto huchungulia dirishani na jirani hutoa maneno. Mwenye gitaa huona heshima yake inapungua, akaliweka chini. Tunasema kwamba heshima ya mtu mzima haipungui kwa kujifunza. Anayecheka ukibarazani, mara nyingi, ni yule ambaye hajapata kuthubutu kitu.

Hata hivyo haitoshi kumwambia mtu asione haya, akabaki peke yake chumbani. Lazima apate wenzake. Hapo bara ina la kujifunza kwa visiwani. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Muda wote huo watu wenye kazi zao za mchana wamekutana jioni katika klabu, wakongwe wakiwaonyesha wageni, na aliyekosea akisahihishwa bila kudhalilishwa. Tangu mwaka 2002 Mji Mkongwe una pia chuo cha muziki wa nchi za jahazi, ambako ud, kanuni na fidla hufundishwa. Klabu za dansi za Dar es Salaam za zamani nazo zilikuwa hivyo: wanachama walichanga, vyombo vilikuwa vya klabu, na mpigaji alijifunza kwa kukaa karibu na aliyemtangulia. Utaratibu huo umefifia, na ndiyo sababu mwanafunzi wa leo anahangaika na simu yake, akimwangalia mwalimu asiyeweza kumwona wala kumsahihisha.

LINALOWAHUSU WAKUU

Kwa hiyo tunawaomba maafisa utamaduni wa manispaa za Kinondoni na Temeke wafikirie mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, madarasa ya shule za msingi, ambayo katika miaka ya 1970 yalifunguliwa jioni kwa ajili ya wazee wa kisomo, yafunguliwe tena mara mbili kwa juma kwa vikundi vya muziki vya watu wazima. Jambo hilo litaondoa tatizo la ukuta na jirani. Pili, wapigaji wakongwe wa bendi zetu, ambao baadhi yao wanaishi katika mitaa hiyo hiyo bila kipato cha uhakika, waajiriwe kwa posho kufundisha. Wanachokijua hakimo katika kitabu chochote, nao wanazeeka. Tatu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima itafakari kama muziki hauna nafasi miongoni mwa mafunzo yake.

Hatudai kwamba kila anayenunua gitaa atakuwa Mbaraka. Wengi hawatapanda jukwaani kamwe. Lakini mtaa wenye watu 10 wanaoweza kupiga wimbo mmoja wa zamani kwa usahihi, mbele ya watoto wao, ni mtaa ambao bado unaushika urithi wake mkononi. Wakuu wafungue milango ya madarasa, na wewe uliyelitundika gitaa lako ukutani, lishushe leo, ulifute vumbi, ulinganishe nyuzi zake, uanze na kodi mbili.